Kutoka Entebbe hadi London: Historia Fupi ya Umbali

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya jambo ambalo kwa kawaida huchukuliwa kuwa halina historia, yaani umbali. Tumechagua miji miwili tu: Entebbe, ulioko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na London, mji mkuu wa Uingereza. Mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya tufe la dunia kuiunganisha miji hii una urefu wa takriban kilomita 6,500, sawa na maili 4,000 na ushei. Mstari huo hupanda kaskazini kwa kuelekea magharibi kidogo, ukapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya, ukavuka bahari ya Mediterania karibu na Sicily, ukakata Ufaransa na kuishia London.

Urefu wa mstari huo haujabadilika tangu miji hiyo iwepo. Hata hivyo, wajumbe wa Kabaka walihitaji karibu mwaka mzima kufika London, ilhali abiria wa leo huhitaji saa nane na kitu. Baina ya nyakati hizo mbili wako waliosafiri kwa siku kumi, waliosafiri chini ya siku moja, na waliosafirishwa bila kupenda. Kwa hiyo, swali letu ni hili: ikiwa kilomita ni zilezile, ni kitu gani kilichokuwa kikibadilika? Jibu letu ni kwamba umbali wa msafiri hupimwa kwa muda, kwa njia na kwa ruhusa, na kwamba kila kimojawapo cha vipimo hivyo kina watu waliokiamua.

Mwendo wa siku

Kabla ya maili na kilomita kuingia katika bara letu, watu wa misafara walipima umbali kwa mwendo. Mahali fulani palikuwa mwendo wa siku tatu, pengine mwendo wa mwezi. Kipimo hiki hakikuwa cha kijinga kama baadhi ya wageni walivyodhani. Kilihesabu mito iliyofurika, mizigo ya wapagazi, vita vya njiani na hongo ya kila mtawala. Maili haihesabu hata kimoja katika hivyo.

Mfano mzuri ni barua ambayo Henry Morton Stanley aliiandika Aprili 1875 akiwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa I, akiwaomba Waingereza wapeleke wamisionari Buganda. Barua hiyo alikabidhiwa Ernest Linant de Bellefonds, ambaye aliuawa njiani katika bonde la mto Nile mwaka huohuo. Barua yenyewe ilisalimika, na ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph tarehe 15 Novemba 1875. Hiyo ni miezi saba kutoka Buganda hadi London. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika mbele ya Mutesa mwishoni mwa Juni 1877. Basi ombi na jibu lake vilitenganishwa na zaidi ya miaka miwili.

Safari ya upande wa pili husahauliwa mara nyingi. Mwaka 1879 Mutesa I alituma wajumbe wake watatu kwenda kumwona Malkia Victoria. Waliondoka wakifuatana na wamisionari kwa njia ya Nile, wakafikishwa mbele ya Malkia mwaka 1880, na wakarejea Buganda mwaka 1881. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi huandika historia ya safari kana kwamba watu walikuwa wakija tu, hawakuwa wakienda. Waganda wale walikwenda, wakaona, wakarudi na kusimulia.

Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Tangu hapo msafiri wa Uganda aliweza kuvuka ziwa kwa meli, akapanda garimoshi hadi Mombasa, kisha akapanda meli ya baharini kupitia mfereji wa Suez. Miezi ikageuka kuwa wiki. Ingawa njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi kwa maili kuliko ile ya Nile, ilikuwa fupi zaidi kwa mwendo. Hapa tayari tunaona kuwa njia ndefu yaweza kuwa ndiyo ya karibu.

Kutafuta njia ya angani

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali ya Uingereza ilituma vikundi vya wapimaji kutayarisha viwanja vya kutulia ndege kutoka Cairo hadi Cape Town. Miti ilikatwa na vichuguu vikasawazishwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote katika habari za ushindi wa marubani.

Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza kwa ndege aina ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Ndege hiyo iliharibika walipokuwa karibu na Wadi Halfa. Walipewa nyingine, nayo ikaanguka Bulawayo. Walimalizia kwa ndege ya tatu na kufika Cape Town tarehe 20 Machi 1920. Ndege nyingine ya aina hiyohiyo, iliyokodiwa na gazeti la Times, iliishia Tabora Februari ya mwaka huo baada ya kuanguka. Hivyo safari ya kwanza ya anga katika njia hii ilichukua siku 45 na kumaliza ndege mbili. Alan Cobham alifanya vizuri zaidi: aliondoka London Novemba 1925, akafika Cape Town Februari 1926, na akarudi Machi kwa ndege ileile.

Tatizo la marubani hao halikuwa tu udhaifu wa injini. Nchi za juu, kama vile nyanda za Uganda, Kenya na Tanganyika, zina hewa nyepesi, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege iliyonyanyuka kwa urahisi pwani ilihitaji nafasi ndefu zaidi ya kukimbilia barani, na nafasi hiyo mara nyingi haikuwepo.

Ndege za majini

Suluhisho lilipatikana katika maji. Kampuni ya Imperial Airways, iliyoundwa mwaka 1924, ilianza safari za kila wiki kutoka London kuelekea Afrika ya Mashariki tarehe 28 Februari 1931. Mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini zilitumika ndege za majini, yaani ndege zenye umbo la mashua ambazo huruka na kutua juu ya maji. Nile na maziwa makuu vikawa viwanja visivyohitaji kufyekwa. Ndege zilitua Butiaba katika Ziwa Albert, kisha Port Bell karibu na Kampala, kisha Kisumu, na hatimaye Mwanza. Safari nzima ilichukua takriban siku kumi.

Msomaji wa leo atashangaa kwamba siku hizo zote hazikutumika angani. Ndege hazikusafiri usiku, kwa hiyo abiria walishuka kila jioni kulala. Aidha, sehemu ya Ulaya ilisafiriwa kwa garimoshi, kwa miaka kadhaa kutoka Paris hadi Brindisi, kwa kuwa Italia ilikuwa na masharti yake kuhusu nani apite katika anga lake na wapi aingilie. Injini iliweza, lakini ruhusa haikuwepo.

Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town, kwanza kwa barua na kisha kwa abiria, ikipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Jumla ya njia ilikuwa takriban maili 8,000, nayo ilichukua siku kumi au kumi na moja. Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa zaidi za majini zilizoitwa Empire. Zilianzia Southampton, zikapita Port Bell na Kisumu, zikateremka pwani hadi Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuishia Durban. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kusafirisha barua zote za kawaida za dola yake kwa ndege kwa bei moja ya peni moja na nusu. Mwalimu wa shule ya Uganda aliweza kuandika barua kwenda London na kupata jibu lake kabla ya muhula kwisha.

Hata hivyo, gharama haikuwa ya fedha pekee. Tarehe 31 Desemba 1935 ndege ya majini iliyoitwa City of Khartoum iliishiwa na mafuta ikikaribia Alexandria, ikaanguka baharini. Watu 12 walikufa, na aliyeokoka ni rubani peke yake. Taa za mji zilikuwa karibu kiasi cha kuonekana. Kwa ndege zilizobeba mafuta ya kutosha kipande kimoja tu cha njia, kilomita chache za mwisho zilikuwa umbali mkubwa kuliko zote.

Chini ya siku moja

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege za majini ziliachwa. Vita vilikuwa vimejenga viwanja vingi vya nchi kavu, na injini zilikuwa na nguvu zaidi. Entebbe ilijengewa uwanja mpya, ukafunguliwa mwaka 1951. Miezi michache baadaye uwanja huo ulishuhudia tukio la kihistoria. Mfalme George wa Sita alipofariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth alikuwa Kenya. Aliletwa Entebbe kwa ndege ya East African Airways kutoka Nanyuki, akacheleweshwa na dhoruba ya radi, kisha akaondoka usiku. Alasiri ya tarehe 7 alikuwa London, akiwa malkia. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia siku ileile. Tulinganishe na miezi saba ya barua ya Stanley.

Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC lilianzisha safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo, aina ya Comet, iliondoka London na abiria 36, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg katika muda usiotimia saa 24. Kwa hiyo, Entebbe ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza duniani kupokea ndege ya jeti ya abiria, kabla ya New York.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ndege ileile iliyotua Entebbe siku ile ilianguka karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Comet nyingine ilianguka karibu na Naples tarehe 8 Aprili mwaka huohuo. Wachunguzi walizamisha mwili wa Comet katika tangi kubwa la maji na kuujaza na kuupunguza mgandamizo mara maelfu, mpaka ukapasuka. Iligunduliwa kwamba bati la ndege huchoka: kila inapopanda juu na kushuka, mwili wake hutanuka na kusinyaa, na hatimaye ufa huanza. Ujuzi huo ndio unaolinda ndege zote za leo, nao ulinunuliwa kwa roho za watu.

Safari zisizo za hiari

Tumeeleza hadi sasa namna umbali ulivyofupishwa. Lakini yeyote mwenye mamlaka juu ya njia fupi anaweza kuitumia kumpeleka mtu mbali upesi. Historia ya Uganda ina ushahidi wa kutosha.

Tarehe 30 Juni 1953 Waziri wa Makoloni wa Uingereza alitoa hotuba London iliyogusia uwezekano wa shirikisho la Afrika ya Mashariki. Ndani ya siku chache maneno hayo yalikuwa yamezua wasiwasi mkubwa Buganda, ambako watu walihofia kutawaliwa na walowezi wa Kenya. Mgogoro ulikua hadi tarehe 30 Novemba 1953, ambapo Gavana Andrew Cohen alimwondolea Kabaka Mutesa II utambuzi wa serikali. Kabaka alichukuliwa Entebbe na kupakiwa katika ndege ya jeshi la anga la Uingereza, bila kurudi ikuluni kuaga. Babu yake mkuu, Mutesa I, alikuwa ametuma wajumbe London kwa hiari yake, wakaenda kwa karibu mwaka mzima. Yeye alipelekwa kwa muda mfupi sana bila hiari.

Kwa watu wa Buganda, London haikuwa karibu hata kidogo katika miaka ile miwili. Ndege ziliruka kila wiki, lakini aliyehitajika hakuwa na ruhusa ya kuzipanda. Aliporudi Entebbe tarehe 17 Oktoba 1955, umati mkubwa ulijipanga barabarani hadi Kampala. Mwaka 1966 alikimbia tena, safari hii kwa miguu na magari kupitia nchi jirani, na akafariki London tarehe 21 Novemba 1969. Mwili wake ulirudishwa kwa ndege Machi 1971 na kuzikwa Kasubi.

Mwaka uliofuata njia hiyohiyo ilibeba maelfu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia waliokuwa na uraia wa Uingereza, akawapa siku 90. Ndege ya kwanza ya kuwahamisha ilitua Stansted, karibu na London, tarehe 18 Septemba 1972. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza. Wengi walikuwa wamezaliwa Kampala, Jinja au Mbale, na walizungumza Kigujarati nyumbani na Kiswahili dukani. Barabara ya kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari, na wako walionyang'anywa mali yao humo. Ukiwauliza wazee hao kuhusu umbali wa Entebbe na London, wengi hawataanza na saa za ndege, bali na zile kilomita 40 za kutoka Kampala hadi uwanjani.

Nani mwenye ndege?

Suala la mwisho ni la umiliki. East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 ikimilikiwa kwa pamoja na serikali za eneo letu. Ilifika London kwa Comet za aina iliyorekebishwa na baadaye kwa ndege kubwa za Super VC10. Ilipata pia misiba: tarehe 18 Aprili 1972 mojawapo ya VC10 hizo, iliyosajiliwa Uganda na ikielekea London, ilishindwa kuruka Addis Ababa, na watu 43 wakafa. Shirika hilo lilivunjika mapema mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika. Kila nchi ikabaki na ndege zake. Uganda Airlines ya kwanza ilifungwa mwaka 2001.

British Airways iliposimamisha safari zake za Entebbe Oktoba 2015, miji yetu miwili ilibaki bila ndege ya moja kwa moja. Msafiri alilazimika kupitia Nairobi, Addis Ababa, Brussels, Amsterdam, Doha au Dubai. Anayepitia Dubai husafiri zaidi ya kilomita 9,000 ili afike mahali palipo umbali wa kilomita 6,500. Kilomita hizo za ziada hazikuongezwa na milima wala bahari, bali na hesabu za faida na hasara za mashirika. Uganda Airlines mpya ilianza kazi mwaka 2019, na Mei 2025 ikafungua safari ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Gatwick, London. Pengo lilikuwa limedumu kwa karibu miaka kumi.

Ruhusa nayo bado ina nguvu zake. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa kwa safari za kawaida, na ndege nyingi zilizokuwa zikipita juu yake zikalazimika kuzunguka. Mtu aliyekaa dirishani huenda hakujua kwa nini safari yake imerefuka, lakini alikuwa akizunguka vita vya watu wengine, kama misafara ya zamani ilivyofanya.

Hitimisho

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili, historia hii ina funzo la lugha pia. Rubani alikuwa mwongoza chombo baharini kabla hajapanda angani. Nauli ililipwa kwa nahodha wa jahazi kabla ya kulipwa kwa shirika la ndege. Ndege yenyewe ni kiumbe mwenye mbawa aliyekuwepo kabla ya chombo kilichopewa jina lake. Waswahili hawakusubiri kuundiwa istilahi. Walichukua maneno ya safari waliyokuwa nayo wakayapandisha juu.

Aidha, lugha yetu ina umbali, masafa na mwendo, na wanafunzi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja. Tunapendekeza walimu wawaonyeshe tofauti kwa mfano huu. Umbali wa Entebbe na London ni kilomita 6,500, nao haujapungua hata hatua moja tangu wajumbe wa Mutesa waondoke. Mwendo ndio uliopungua, kutoka karibu mwaka hadi saa nane, na haukupungua kwa kila mtu wala kwa nyakati zote. Mwanafunzi akitaja umbali wa miji miwili, basi mwalimu na amwulize maswali mengine mawili: ni mwendo wa muda gani, na kwa ruhusa ya nani?